Vyembe, Bata Mzinga na Mama Mkwe wa Mutua

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaoniita babu kwa sababu ya mvi tu, kila tukikutana kwenye sherehe kule Germantown lazima kijana mmoja aniulize nilikuwa nafanya kazi gani hapa Marekani. Nikijibu kwamba nilikuwa fundi wa pinde na mishale, anacheka kwa Kiingereza. Halafu anaomba nimwonyeshe picha. Picha sina. Nina bega linalouma wakati wa baridi, na nina maneno. Basi vuteni viti.

Kwanza liondoeni hilo wazo mlilonalo. Sikuzaliwa na upinde mkononi. Nimezaliwa Muheza mjini, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kitu cha hatari zaidi nyumbani kwetu kilikuwa mkasi. Lakini wateja hawakukubali. Mtu anaingia dukani, anasikia lafudhi yangu, anauliza natoka wapi. Nikisema Tanzania, anashusha sauti kwa heshima na kuniuliza simba wangu wa kwanza nilimpiga nikiwa na umri gani. Mwanzoni nilikuwa nakanusha. Baadaye nikaona kukanusha kunawahuzunisha bure, nikawa nasema tu kwamba simba siku hizi wamepungua.

Mwenye duka, mzee mmoja wa Kimarekani aitwaye Walter, alinichukua kwa sababu nyingine kabisa. Muheza nilikuwa fundi baiskeli. Upinde wa kisasa, kama hamjawahi kuushika, una magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na waya zinazozunguka kati yake. Siku niliyoingia dukani kwake, pale kandoni mwa barabara ya kutoka Gaithersburg, nilikuwa natafuta choo. Walter alikuwa anapambana na upinde ambao gurudumu lake limekaa upande. Nikamwambia baiskeli yako imepinda. Akanipa bisibisi. Choo nilikipata baadaye.

Walter alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa "hapana." Aliniruhusu kunyoosha magurudumu, kubadilisha nyuzi, kukata mishale, kubandika manyoya. Kitu kimoja alikataa nisiguse: kumshauri mteja kuhusu vyembe. Alisema mtu anayeuza chembe anapaswa kujua kinakwenda wapi kikiisha kutoka dukani, na mimi sikuwahi kukifuata.

Chembe ndicho kile kichuma chenye makali kinachofungwa mbele ya mshale. Siku hizi vyembe viko vya kila namna, kama viatu, lakini kwa kuwinda bata mzinga, maana huku wapo wa mwituni, elekezeni akili zenu kwenye namna tatu. Kuna chenye wembe uliotulia, hausogei, umekaa wazi tangu kiwandani. Kuna kinachoruka kimejikunja kama mwavuli, halafu kikigusa ndege kinafunguka na kutoboa tundu pana. Na kuna kile ambacho aliyekibuni, nadhani, alikuwa ameamka na hasira: nyembe ndefu zimetawanyika kama panga la feni, na kazi yake ni kukata shingo tu. Hicho cha tatu ndicho kila mgeni anakitaka, maana kinaonekana vizuri kwenye video.

Ndicho alichokitaka Mutua.

Mutua alikuwa Mkamba wa Kitui, anaishi Germantown, kazi yake kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa. Mtu mzuri, mcheshi, mkono wazi. Tatizo lake lilikuwa ukoo. Alisema Wakamba walikuwa wapiga mishale wakati babu zetu sisi wa Muheza wanahesabu machungwa, na kwamba hiki kitu kiko kwa damu yake. Damu hiyo ilikuwa imekwenda msituni misimu miwili ya machipuko na kurudi na kupe tu.

Yote hayo yangekuwa mzaha kama mkewe, Syombua, asingekuwa na mama. Mutua alikuwa ametuma nyumbani picha akiwa ameshika upinde. Mama Syombua akaionyesha kanisani. Kanisani wakauliza mkwe anawinda nini. Mutua, kwenye simu, akasema anawinda ndege mmoja mkubwa sana, na kwamba amewapiga wengi. Sasa mama alikuwa amepata viza, anakuja kumwona binti yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kabla hata hajasafiri alikuwa amesema jambo moja: huyo ndege anataka kumwona akipigwa kwa macho yake, maana mchungaji amemwagiza arudi na habari kamili.

Mutua akaja dukani uso umemshuka. Akanieleza kwamba kwao mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mnaheshimiana kwa mbali, hamtazamani usoni, hamkai karibu, na yeye akitaka kukuambia neno atalipitisha kwa mtu mwingine. Uongo kwa mtu wa namna hiyo, alisema, haufutiki mpaka mmoja wenu azikwe.

Walter hakuwepo siku hiyo. Nikafanya kile nilichokatazwa: nikamuuzia vile vya feni, kwa sababu ndivyo alivyotaka na kwa sababu mimi mwenyewe nilivipenda. Halafu nikaomba ruhusa kwa Walter tukajaribu kwenye shamba la rafiki yake, upande wa magharibi kule vilima vinakoanzia. Leseni tulikuwa nazo wote wawili. Walter akatuazima hema lake la kuvizia, na akatuazima Beatrice.

Beatrice alikuwa bata mzinga jike wa bandia, wa plastiki, mwenye macho ya huruma. Walter alikuwa naye miaka mingi kuliko ndoa yake. Unamsimamisha mbele ya hema, unasugua kisanduku cha mbao kinacholia kama jike, na dume akisikia anakuja kujionyesha.

Dume likaja. Likasimama ubavuni mwa Beatrice, limejivimbisha, mkia umefunguka kama upepeo wa bibi harusi. Mutua akavuta, akalenga shingo, akaachia. Sasa sikilizeni, maana hili ni somo: chembe chenye nyembe ndefu namna ile hakiruki kama mshale, kinaruka kama sahani. Upepo mdogo tu ukikishika, kinaenda kinakotaka. Kilikwenda kwa Beatrice. Kichwa chake kikaruka juu, kikatua majanini, kikabaki kinatutazama. Dume likamwangalia Beatrice bila kichwa, likaangalia hema, likafunga mkia na kuondoka kwa miguu, polepole, kama mtu anayetoka kwenye kikao kilichomchosha.

Nikambeba Beatrice nyumbani nikamtengeneze kabla Walter hajamwona. Wakati huo nilikuwa nakaa mjini, mtaa wa Columbia Heights, na gari langu lilikuwa gereji, kwa hiyo nikapanda treni naye, nimempakata. Kichwa kilikuwa kwenye mfuko wa chakula changu. Mzee mmoja aliyekaa karibu aliniuliza kwa upole kichwa cha ndege wangu kiko wapi. Nikamwambia kiko hapa na chakula. Akahamia behewa jingine. Watu wengine wakaniachia nafasi kubwa sana, na mpaka leo sijawahi kusafiri kwa raha namna ile.

Gundi ilishika, lakini niliigeuza shingo vibaya kidogo, Beatrice akawa anatazama nyuma kama anayeitwa. Walter alimwona mara moja. Hakukasirika. Alimshika, akamgeuza, akaniuliza ni chembe gani. Nikamwambia. Akauliza ni nani aliyemuuzia Mutua. Nikamwambia. Akaenda nyuma ya duka, akarudi na mto wa kulalia wa manyoya, balungi moja, na vijiti viwili.

Akaupasua mto, akalitia balungi ndani katikati ya manyoya, akaushona. Chini akachomeka vile vijiti viwe miguu. Akautundika uani, akaniambia nipige balungi.

Nilipiga mto ule mpaka jirani muuza mazulia akaja kuuliza kama theluji imeanza kwa upande wetu tu. Mto nilikuwa naupata kila mara. Balungi halikuguswa. Ndipo nikaelewa alichotaka nielewe. Bata mzinga ni mwongo, wanangu. Ule ukubwa wote mnaouona ni manyoya na majivuno. Ndani yake, mahali ambapo mshale unamwangusha papo hapo, ni padogo kama balungi, na hapako katikati ya kile unachokiona. Ukilenga katikati ya uvimbe unapita kwenye manyoya, au mbaya zaidi unamjeruhi, anaruka na kwenda kufia kichakani ambako hakuna atakayemla. Hilo Walter hakuvumilia. Alisema kama huna hakika, nenda nyumbani ukale mayai.

Basi akanifundisha. Ndege akikaa ubavu, anza chini, usianze juu. Panda na miguu kwa macho mpaka inapopotelea kwenye manyoya, halafu ongeza kidogo tu, pale bawa linapoungana na mwili. Usimpige kifuani kwa ubavu, pale ni nyama ya chakula tu, ataondoka nayo. Akijivimbisha, ngoja ajipunguze. Mlilie kidogo kwa kisanduku, atanyanyua shingo, na manyoya yatalala mwilini yaonyeshe ukweli. Na akikupa mgongo mkia umefunguka, kuna mahali pamoja pazuri kuliko pote, katikati ya ule mkia, chini yake, ambapo mshale unapita mwili mzima kwa urefu. Walter alipataja mahali hapo kwa jina lake kamili. Mimi nina adabu zangu.

Kuhusu chembe, alinifundisha kumwuliza mteja anavuta upinde wenye uzito gani, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta, halafu nisimwamini. Wanaume hudanganya juu ya uzito wa upinde kama wanavyodanganya juu ya urefu wa samaki. Niliangalia upinde wa Mutua mwenyewe. Skrubu zake zilikuwa zimelegezwa sana. Bega lake lilikuwa limechoka kwa kuinua wazee kitandani, akawa amejipunguzia uzito kimyakimya. Chembe kinachofunguka kinakula nguvu ya mshale ili kijifungue, na kwa upinde laini hakibaki na nguvu ya kuingia. Kwa hiyo nikampa chenye wembe uliotulia, mpana, wa pande mbili, unaokata tangu ncha. Akalalamika kwamba kinaonekana cha kizee. Nikamwambia hata sisi.

Mama Syombua akafika. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kwaya, kitambaa chekundu na cheupe cha umoja wa wanawake kichwani. Nilidhani atasubiri nyumbani. Akasema hakuvuka bahari kuja kuangalia televisheni. Syombua alikuwa kazini. Kwa hiyo asubuhi hiyo tukaenda shambani watatu, mama kiti cha nyuma, Mutua mbele anaendesha bila kugeuza shingo hata kwenye makutano.

Kitu cha kwanza nilimwomba avue kitambaa. Kichwa cha dume la bata mzinga kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na mwindaji mwingine akiona rangi hizo zinatikisika kichakani anaweza kukosea vibaya. Akasema kitambaa cha kanisa hakivuliwi kwa ajili ya kuku. Tukapatana nikamfunika kwa koti langu jeusi, kichwa na vyote, ukabaki uso tu.

Hema la kuvizia ni dogo. Ndani yake kuna giza, madirisha ya kuchungulia, na nafasi ya watu wawili wanaopendana. Sisi tulikuwa watatu ambao wawili hawaruhusiwi kutazamana. Nikakaa katikati kama pazia. Mutua akageukia ukuta wake, mama akageukia wake. Kila mama alipotaka kusema jambo, alinong'ona kwangu nimwambie Mutua, ambaye magoti yake yalikuwa yanagusa yangu na amesikia kila kitu.

Nilisugua kisanduku. Kimya. Nikasugua tena. Kimya. Beatrice anatazama nyuma. Mama akaniuliza kama tumeomba. Nikasema kimoyomoyo. Akasema kimoyomoyo ndiyo maana. Akafumba macho, akaanza kuomba, kwanza kwa kunong'ona, halafu sauti ikampanda yenyewe kama inavyowapanda watu wa kwaya. Nilimshika mkono, hakusikia. Mutua alikuwa amefunika uso. Mama akamaliza kwa "Amina" moja iliyotikisa turubai.

Na kutoka ng'ambo ya mti ulioanguka, bata mzinga akajibu.

Mimi najua sababu. Dume msimu ule hujibu sauti yoyote ya ghafla, hata mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu. Lakini jaribu kumweleza mama huyo. Alinitazama kama mtu ambaye barua yake imejibiwa. Akasema "Amina" tena, kusudi. Dume likajibu tena, karibu zaidi, ule mlio wa maji yanayomwagika kutoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Niliweka kisanduku chini. Sikuwa na kazi tena pale.

Likatokea. Kubwa, jeusi, linang'aa kama shaba kila likigeuka. Likamzunguka Beatrice, likavutiwa na ile shingo yake, likajivimbisha, likafungua mkia. Mutua akavuta upinde. Nikamwambia angoje. Dume likageuka, likatupa mgongo wote, mkia wazi mbele yetu. Mahali pale pazuri kuliko pote palikuwa panatutazama, na mimi nimekaa na mama mkwe wa mtu.

"Piga pale chini ya mkia," nikamnong'oneza.

"Wapi hasa?" Mutua akauliza. "Mkia wote ni mkubwa."

"Pale katikati. Pale... mlango wa nyuma."

"Mlango gani, Mzee Shabani? Bega linaniuma."

Mama akanigusa. "Mwambie apige pale yai linapotokea."

Halafu Mutua, upinde umevutwa, jasho linamtoka, akaninong'oneza nimwambie mama kwamba huyu ni dume.

"Mwambie najua ni dume," mama akasema. "Apige pale ambapo lingetokea."

Mutua akaachia.

Mshale uliingia pale pale. Dume halikupiga hata hatua. Likalala kifudifudi, mabawa yakaanza kupigapiga chini. Mimi Mwislamu, nilitaka kula kile kitu, kwa hiyo nilitoka hemani mbio na kisu, bismillahi mdomoni, nikamkuta bado ana uhai. Kitu ambacho Walter hakunifundisha ni kwamba bawa la bata mzinga ni kama ubao. Likanipiga shavuni nikaona nyota mchana. La pili likaangusha kofia yangu. Lakini nilimchinja. Nilipoinua uso, Mutua alikuwa amesimama nje ya hema, amesahau yote, anamtazama mama mkwe wake usoni, na mama naye amesahau, anamtazama. Koti langu lilikuwa limemwangukia mabegani na kitambaa kinaonekana.

Mama akasema, "Umepiga vizuri, Mutua." Akamwambia mwenyewe, bila kunipitia mimi. Mutua akainama akaanza kuokota manyoya.

Jumapili iliyofuata tulikaribishwa Germantown, mimi na Walter. Syombua na mama yake walimpika dume lile kwa nazi, halafu kwa nyanya, halafu kwa muda mrefu. Walter aliomba kwanza aone tundu la mshale kwenye mifupa, akalichunguza, akasema kuanzia Jumatatu wateja wa vyembe watakuja kwenye meza yangu. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunipa, na kazi hiyo niliifanya mpaka nilipostaafu.

Kisha tukala. Kifua kilikuwa kitamu. Mguu ulikuwa kama kamba. Mama Syombua alitafuna kipande chake muda mrefu, akakimeza kwa shida, akamuuliza mkwewe, moja kwa moja, kwa nini wamemuua mzee namna hii wakati vijana wapo.

Mutua akamweleza ni sheria. Majira yale unaruhusiwa kumpiga mwenye ndevu tu, ule unywele mrefu unaoning'inia kifuani.

Mama akaweka kijiko chini. Akamtazama Mutua na ndevu zake alizoanza kufuga, akanitazama mimi na zangu za Ijumaa, akamtazama Walter, ambaye zake zilikuwa karibu zinaingia kwenye bakuli. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi nyinyi watatu," akasema, "mngekaa ndani mpaka majira yapite."

Syombua akamtafsiria Walter. Walter akafikiri kidogo, akazishika ndevu zake, akazifutika ndani ya shati, akaomba aongezewe mchuzi.